Kufuata uzi wa merikani: siku saba, Lowell hadi Charleston

Nimesharudi Unguja, wiki ya tatu hii, na sanduku bado sijalimaliza kulipanga. Haya nimeyaunga kutoka kwenye daftari lililomwagikiwa chai ndani ya basi, pamoja na picha za simu ambazo nusu yake ni vibao vya makumbusho nilivyovipiga ili nije kuvisoma kwa utulivu.

Safari ilianza darasani. Nafundisha historia, na mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita alinyoosha mkono: "Mwalimu, wale Wamarekani wa Kusini, kwenye vita vyao na Kaskazini, walipigania utumwa au walipigania haki za majimbo kutoingiliwa na serikali kuu?" Nikampa jibu la mtihani, yote mawili, fungua daftari. Alikaa, lakini uso wake ulisema hajajibiwa. Nilipopata mwaliko wa mdogo wangu anayeishi Massachusetts, pamoja na nauli niliyoichanga miaka miwili, nikajua nitakwenda wapi.

Jumatatu: Lowell

Kutoka Worcester, anakoishi mdogo wangu, ni kama saa moja kwa gari. Wifi yangu alitufungia mandazi ya iliki na chai ya chupa, akaniambia chakula cha njiani huko ni bei na hakina ladha. Alisema kweli kwa yote mawili.

Lowell ni mji wa viwanda vya nguo, matofali mekundu kando ya mifereji. Kiwanda cha Boott kimefanywa makumbusho chini ya hifadhi za taifa, na ukumbi wa chini bado una mashine za kufumia zinazofanya kazi. Mlangoni unapewa vizibo vya masikio. Mimi nilijifanya shujaa nikavitia mfukoni. Sikumaliza dakika mbili. Zile mashine hazilii, zinapiga. Sakafu ya mbao inatetemeka mpaka kwenye meno. Na hapo zilikuwa zinakwenda chache tu. Mama mmoja mfanyakazi aliniona nimeziba masikio kwa viganja, akacheka, akanionyesha kwa ishara: vitie hivyo vizibo, dada.

Kilichonileta hapo ni neno. Marehemu bibi alikuwa akishona magodoro ya usufi, na kitambaa cha nje alikiita merikani. Utotoni nilidhani ni jina tu, kama bafta au kaniki. Kumbe ni Marekani yenyewe. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, akaja Unguja kuwa balozi mdogo wao wa kwanza. Meli za Salem zilileta nguo nzito za pamba zilizofumwa Massachusetts, zikaondoka na pembe, sandarusi na ngozi. Nguo hizo zilipanda bara na misafara mpaka zikawa kama fedha.

Na pamba yake? Ililimwa na watumwa wa Kusini. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua pamba, kazi ya mikono mingi ikafanywa na wachache, na badala ya watumwa kupungua wakaongezeka, maana sasa kila ekari ilikuwa na faida. Hesabu ya watu ya 1790 ilikuta watumwa karibu 700,000. Ya 1860 ikakuta karibu milioni 4. Pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote Marekani ilizouza nje.

Kibao kimoja nilikisoma mara mbili. Nguo duni iliyofumwa Kaskazini na kurudishwa Kusini kuvishwa watumwa, wenyewe waliiita "lowell". Sisi tukaita ndugu yake merikani. Kila mmoja kaiita nguo kwa jina la ilikotoka.

Nilinunua taulo ya jikoni iliyofumwa humo humo. Ni ghali kwa taulo. Usiiulizie bei mbele ya mtu anayekufadhili safari.

Jumanne: Boston

Mvua, na kuegesha gari kulitugharimu kuliko chakula cha mchana cha watu watatu. Ushauri: acha gari kituo cha nje, ingia na treni.

Nilitaka kutembea barabara moja tu, State Street, kutoka lilipokuwa jengo la mahakama mpaka bandarini. Jengo lenyewe halipo tena. Ikulu ya zamani ya koloni ipo, imebanwa na majumba marefu kama mtoto kwenye foleni ya watu wazima.

Barabarani hapa, tarehe 2 Juni 1854, alipitishwa Anthony Burns. Alikuwa mtumwa wa Virginia, alitoroka Richmond kwa meli, akapata kazi Boston katika duka la nguo. Alikaa huru miezi michache tu, akakamatwa. Sheria ya watoro ya 1850 ndiyo iliyomnasa, na sheria hiyo inafaa kusomwa polepole: mshitakiwa haruhusiwi kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe, hakuna baraza la wazee wa mahakama, na raia yeyote anaweza kuamriwa asaidie kukamata. Kamishna wa serikali kuu anayeamua kesi hulipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Walioitetea walisema ni kwa sababu karatasi za kumrudisha ni nyingi zaidi.

Umati ulivamia mahakama kumwokoa, mlinzi mmoja akafa, Burns hakutoka. Siku ya kumrudisha, askari walipanga mistari mpaka gatini, watu kama 50,000 wakasimama wakizomea, na madirisha yalitundikwa nguo nyeusi. Mtu mmoja, jeshi zima. Amos Lawrence, tajiri wa viwanda vya pamba, mtu aliyekula mkate wake kwa pamba ya watumwa, aliandika kwamba yeye na wenzake walilala wapole wa suluhu wakaamka wapinzani wa utumwa wenye kichaa.

Sasa fungua masikio, maana hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu lilipoanza kugeuka. Mwaka uliofuata bunge la Massachusetts lilipitisha sheria ya kuwakinga watu wake na sheria ile ya serikali kuu. Mahakama kuu ya Wisconsin nayo ikasema sheria ya watoro haina nguvu kikatiba. Hizo ni haki za majimbo, waziwazi kabisa, na anayezidai ni Kaskazini. Kusini ndiyo iliyotaka mkono wa serikali kuu uwe mrefu.

Usiku basi la kwenda Washington. Tulikaa New York zaidi ya saa mbili bila kuambiwa sababu, na ndipo chai ilipomwagika.

Jumatano: Harpers Ferry

Mwanafunzi wangu wa zamani anaishi Silver Spring. Alinipokea alfajiri, akanipa msala na maji ya moto, kisha akaomba ruhusa kazini siku nzima anipeleke. Miaka kumi na tano iliyopita nilimtoa nje ya darasa kwa kupiga soga. Hakusahau, alinikumbusha njia nzima.

Kiingilio cha hifadhi ni dola 20 kwa gari. Unaegesha juu kilimani na basi dogo linakushusha mjini. Vaa viatu vya kushika, mawe yanateleza.

Mji uko kwenye ncha inapokutana mito ya Potomac na Shenandoah. Hapa palikuwa na ghala la silaha la serikali, na usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859 John Brown aliliingia na watu 18 kati ya 21 wake, weupe na weusi, akitaka kuwapa watumwa silaha. Mtu wa kwanza kuuawa na watu wake alikuwa Heyward Shepherd, mweusi huru, mpagazi wa reli. Baada ya siku mbili kanali Robert E. Lee alifika na wanamaji, wakavunja mlango. Brown alinyongwa tarehe 2 Desemba. Kajengo alikojificha ni kadogo kuliko nilivyofikiri, kama banda la kuwekea mashua mbili, na tena kamehamishwa mara kadhaa, hata Chicago kalifika.

Lakini aliyenikalisha chini ni mwingine. Dangerfield Newby, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa amepata uhuru. Mkewe Harriet na watoto walibaki mikononi mwa bwana, Virginia. Alijaribu kuwanunua, fedha hazikutosha. Akaja na Brown, na ndiye wa kwanza kufa miongoni mwa wavamizi. Alikutwa na barua za Harriet. Anamwandikia aje, fedha ziwepo zisiwepo, maana bwana anahitaji pesa na huenda akamuuza, na akiuzwa basi tumaini lake lote la dunia limekwisha. Baadaye Harriet aliuzwa Louisiana.

Mwanafunzi wangu alisoma kile kibao kwa sauti, akakikatiza katikati, akaenda kutazama mto. Nami sikumwita.

Kusini walisikia jina la Brown kama mlio wa hatari. Kama Kaskazini kuna watu wanaomlilia mtu huyu, walisema, hatuna usalama ndani ya muungano mmoja nao. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 6 Novemba 1860, rais akachaguliwa Lincoln, ambaye chama chake hakikudai kufuta utumwa majimboni, kilidai tu usienee kwenye ardhi mpya za magharibi. Ikatosha kwa Kusini kuanza kujitoa.

Alhamisi: Richmond

Basi kutoka Washington, dola 30 na kitu. Niliita teksi kwa simu. Dereva aliposikia naongea na mdogo wangu simuni kwa Kiswahili akageuka nyuma. "Mama, unatokea wapi?" Yeye ni wa Bukavu. Kiswahili chake na changu viligongana kidogo, akasema "batu" nami nikasema "watu," tukacheka. Nilipomtajia ninakokwenda akauliza, "Pale chini ya barabara kubwa? Pale hamuna kitu."

Ni kweli karibu hapana kitu. Shockoe Bottom ilikuwa mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya watumwa Marekani, ikizidiwa na New Orleans. Leo kuna majani, vibao, reli na magari yanayonguruma juu ya nguzo. Hapa palikuwa na gereza la mfanyabiashara wa watumwa Robert Lumpkin, liliitwa nusu eka ya Shetani, na ndani yake Anthony Burns alifungwa pingu miezi minne aliporudishwa kutoka Boston. Kisha akauzwa kwa dola 905. Watu wa Boston walichanga 1,300 wakamkomboa. Akasoma, akawa mchungaji Canada, akafa 1862 akiwa bado kijana.

Mjane wa Lumpkin, Mary, aliyekuwa mtumwa wake kwanza, alirithi uwanja ule. Mwaka 1867 akaukodisha uwe shule ya watu waliotoka utumwani. Shule ile ilikuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Virginia Union.

Sisi Mkunazini tuna kanisa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873, na watalii hupanga foleni. Hapa nilikaa peke yangu karibu saa nzima. Dereva wa Bukavu alikuwa amezima mita, ananingoja. Nilipotaka kumlipa muda wake alikataa: "Utaniombea."

Ijumaa: treni

Zaidi ya kilomita 600 za misonobari. Nimeandika daftarini "miti, miti, kanisa, miti" na inatosha.

Ila tulisimama. Katikati ya North Carolina treni ya mizigo ilikuwa mbele yetu, tukakaa saa tatu, kipoza hewa kimefunguliwa kana kwamba tunasafirisha samaki. Mzee wa Kizungu kiti cha pili aliniona natetemeka ndani ya buibui, akavua sweta lake akanipa bila neno. Kisha akakata mkate wake nusu. Niliuliza una nguruwe? Una. Akautazama, akautia mdomoni, akanipa chungwa.

Nje kulikuwa na mashamba matupu ya mchanga. Nikamuuliza pamba iko wapi. "Ndiyo kwanza wanapanda," alisema. Babu wa babu yake alipigana upande wa Kusini. Hakuwa na mtumwa hata mmoja, alipigania jimbo lake. Nilimwamini, na bado namwamini. Kijana wa miaka ishirini akiitwa na kijiji chake huenda, hasomi tamko la wanasiasa kwanza. Hata Kaskazini wengi hawakwenda kukomboa mtumwa. Walikwenda kuulinda muungano, na majimbo manne yenye watumwa, Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, yalibaki upande wa Lincoln. Nilimuuliza tu: na waliomwita, wao waliandika wanapigania nini? Akafikiri. "Hilo sikuwahi kulisoma," akasema, na akateremka Florence. Sweta aliniachia.

Kituo cha Charleston kiko mbali na mjini. Tulifika usiku, teksi dola 35.

Jumamosi: ngome

Boti ya kwenda Fort Sumter, ngome ya bandarini ilikoanza vita, huondoka Liberty Square. Kata tiketi mapema, ni zaidi ya dola 30, na chukua ya asubuhi. Jua la mchana kule halina kivuli. Kufika ni nusu saa, mnapewa kama saa moja kisiwani. Mimi ni mtu wa bahari, lakini nilikuwa peke yangu niliyefurahia mawimbi.

Boti ikienda, nikasoma simuni lile tamko. South Carolina, jimbo la Charleston, ilijitoa kwenye muungano tarehe 20 Desemba 1860, wajumbe 169, hakuna aliyekataa. Mwanasheria mmoja wa mji huohuo, James Petigru, husimuliwa kuwa alisema jimbo lao ni dogo mno kuwa jamhuri na kubwa mno kuwa hospitali ya wendawazimu. Siku nne baadaye walitoa sababu zao kwa maandishi. Wanayataja kwa majina majimbo 13 ya Kaskazini, kuanzia Maine mpaka Iowa, kwamba yametunga sheria za kuizuia sheria ya watoro. Wanailaumu New York kwa kumnyima bwana hata haki ya kupita tu na mtumwa wake. Yaani kosa la Kaskazini, kwa kalamu yao wenyewe, ni kutumia haki za majimbo. Mississippi haikuzunguka: ilisema msimamo wake umefungamana na utumwa.

Na katiba ya dola mpya ya majimbo ya Kusini yaliyojitoa, iliyotungwa Montgomery mwaka 1861, inakataza sheria yoyote ya bunge lao ya kupunguza haki ya kumiliki mtumwa mweusi, na inampa bwana ruhusa ya kupita na mtumwa wake katika jimbo lolote. Jimbo lisilotaka kumwona mtumwa ardhini mwake lingefanya nini? Makamu wao wa rais, Alexander Stephens, alitangaza Savannah mwezi Machi kwamba jiwe la pembeni la serikali yao ni kutokuwa sawa kwa mweusi na mweupe. Vita vilipokwisha aliandika juzuu mbili kueleza kuwa ugomvi ulikuwa wa katiba.

Nilifunga simu tulipogota gatini. Ngome ilikuwa na ghorofa tatu, vita viliibakisha kama kisiki. Mlinzi wa hifadhi, dada mwenye sauti ya mwalimu, alituelezea kuwa Meja Robert Anderson wa serikali kuu alikuwa humu na chakula kinakwisha, na jenerali wa Kusini aliyekuwa nchi kavu, Beauregard, alikuwa mwanafunzi wake wa mizinga chuoni. Saa kumi na nusu alfajiri, tarehe 12 Aprili 1861, mwanafunzi akampiga mwalimu. Saa 34 za mizinga na hakufa mtu. Aliyekufa, Daniel Hough, alikufa wakati wa kupiga saluti ya kushusha bendera. Kisha Lincoln akaita askari 75,000, Virginia na wenzake watatu wakajitoa nao, na kabla ya vita kuisha wakafa vijana zaidi ya 600,000.

Alasiri nilikwenda Chalmers Street, soko la watumwa ambalo jengo lake ni la 1859, miaka miwili kabla ya mizinga. Charleston ilikuwa imepiga marufuku kuuza watu barabarani mwaka 1856, wakahamia ndani. Ukutani mjini kuna matofali yenye alama za vidole vya watumwa walioyafyatua yakiwa mabichi. Nilitia kidole changu katika moja. Hakikuingia. Kilikuwa cha mtoto.

Jumapili: Charleston

Wali mwekundu wa nyanya wa hapa ungepita Darajani bila kuulizwa paspoti, lakini uliza kabla: wali, mboga za majani, hata maharage hutiwa nguruwe. Supu ya bamia na kamba ilikuwa salama. Nilikula sahani mbili.

Sokoni akina mama wa Kigullah, wazao wa watumwa wa pwani hii, hushona vikapu vya nyasi. Si ukili wa kusuka kama wetu, wanazungusha tita la nyasi na kulifunga mzunguko kwa mzunguko. Kidogo kabisa kilikuwa dola 60, sikununua. Mama muuzaji aliniuliza natoka wapi, nikamwambia, akaniita tena nilipokwisha kuondoka, akanitia mkononi ua la waridi alilolisuka kwa jani la palmeto, mti wa jamii ya mnazi. "La kuendea nyumbani," akasema.

Nikaenda nalo mpaka Gadsden's Wharf, gati waliloshushiwa watumwa wengi kabla ya biashara ya kuwaingiza kufungwa mwaka 1808. Makumbusho yake yamefunguliwa 2023. Bahari ilikuwa imetulia. Nilipiga picha moja, imetoka na kidole changu.

Unguja, baadaye

Mwanafunzi aliyeuliza amehitimu, nimemtumia yale majina 13 kwa simu, akajibu kwa herufi moja, "K." Vijana.

Ile taulo ya Lowell nilimpelekea mama Ng'ambo. Niliisifia kweli, merikani ya asili, kutoka kwenye kiwanda chenyewe. Akaikunjua, akaisugua kati ya vidole, akaivuta pembe kwa pembe, akaikaribisha machoni.

"Hii si merikani," akasema. "Merikani ilikuwa nzito." Kisha akaulizia bei.